Sheria ya Kusoma kwa Sauti

Nchi ninayoisimulia ipo, ila jina lake haliandikwi bila kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku zile ambazo haijafungwa. Tuiite nchi tu. Ina mlima mmoja, mito miwili na wizara thelathini na tisa. Watu wake ni wapole. Wakitangaziwa kwamba mvua inanyesha, huanua nguo, hata kama vumbi linawaingia machoni.

Kata yetu iko mbali na mji mkuu. Zamani, kabla ujinga haujafutwa, tulikuwa na mtu mmoja tu wa kutusomea, Bwana Mahimbo. Cheo chake kiliitwa Msomaji wa Kata, na alipewa meza, kiti, kabati, mhuri na miwani. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa migodini na kwenye mashamba ya mkonge, na barua walizoandikiwa na makarani wa huko zilipita mezani kwake kabla ya kuwafikia wake zao. Mwanamke alikaa kwenye benchi upande wa pili wa meza. Bwana Mahimbo alichana bahasha, akailaza barua mezani, akaweka mkono kifuani, kisha akatazama dari kwa muda mrefu.

"Mumeo yu mzima," alisema. "Anakusalimu sana. Anasema uvumilie."

Halafu aligonga mhuri na kuifungia barua kabatini, kwa sababu barua iliyokwisha kusomwa ilikuwa mali ya ofisi. Mwanamke alirudi nyumbani akavumilia. Njiani, wanawake waliulizana habari za waume zao, na walishangaa jinsi wanaume wa kata moja wanavyofanana tabia.

Kisha ujinga ukafutwa. Ilianza pale Kiongozi wetu alipokwenda ng'ambo na kuulizwa mezani, wakati wa chakula, ni wangapi katika watu wake wanaojua kusoma. Akajibu, "Wote," maana alikuwa amekaribishwa vizuri na hakutaka kumvunja moyo mwenyeji. Aliporudi ikabidi jambo hilo liwe kweli kabla ya sikukuu, na sikukuu ilikuwa imebakiza miezi minane.

Wizara ya Mwanga ikaundwa. Waziri wake alifika katani kwetu na magari saba, akapanda jukwaani, akakohoa mara tatu kama inavyotakiwa kwa mtu wa cheo chake.

"Ndugu wananchi," alisema, "ujinga ni adui. Tumemzunguka kaskazini, tumemzunguka mashariki, tumemzunguka magharibi. Kusini tumemwachia nafasi kidogo apumue, dunia isije ikasema tumemwonea. Kuanzia leo, anayejua atamfundisha asiyejua, na asiyejua atamshukuru anayejua, na wote kwa pamoja wataishukuru Wizara."

Tukapiga makofi. Kampeni ilihitaji makao makuu, na jengo pekee lenye bati lilikuwa shule ya msingi, kwa hiyo shule ikafungwa. Darasa la tano nililokuwa nasoma mimi likawa chumba cha Katibu wa Kampeni, na ubao wetu akauegemezea baiskeli. Sisi wanafunzi tuliambiwa twende nyumbani tukasubiri mpaka elimu itakapokwisha kuenea. Mimi bado nasubiri.

Kwa upande wa wanaume kazi ilikwenda haraka. Amri namba nne ilisema kila mwanamume aliyetimiza miaka kumi na minane anajua kusoma tangu tarehe ya amri. Waziri alieleza kwamba si vizuri baba wa watu kukalishwa kwenye benchi na kukosolewa. Wanaume wakapanga foleni wakachukua vyeti, na aliyetaka kujua cheti chake kinasema nini alitajiwa.

Wanawake hawakupewa amri. Wao walitakiwa kujifunza. Basi kila siku baada ya saa tisa walikutana kwenye ghala la pamba, wengine na watoto mgongoni, wakafundishwa na mwalimu aliyetoka mjini. Baada ya miezi miwili mwalimu akahamishiwa wilaya nyingine kwenda kuhesabu chaki. Dada yangu Nyamizi, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, akachukua nafasi yake. Chaki hakuwa nayo. Aliandika kwa mkaa juu ya magunia, herufi kubwa kama mabakuli, ili hata bibi aliyekaa nyuma kabisa aone. Alikuwa na sauti inayofika mtoni, na mtu akikosea alicheka naye, hakumcheka. Mimi, mdogo wake wa kike, nilikaa nyuma na akina bibi, nikisoma kimya.

Siku ya hesabu, Wizara ilitangaza kwamba watu wetu waliojua kusoma walikuwa asilimia mia moja na nne. Zile nne za juu zilikuwa wanaume wa heshima waliohesabiwa mara mbili.

Hapo ndipo mambo yakaanza kuharibika, ingawa nia ya Wizara ilikuwa njema.

Wanawake walianza na kanga zao. Mama yetu alitoa sandukuni kanga aliyoivaa miaka kumi na mmoja, akaikunjua miguuni pake. Kisha akamwita dada.

"Nyamizi, njoo unisomee hapa."

"Mama, wewe si unajua kusoma siku hizi?"

"Najua. Ndiyo maana nataka na mwingine asome. Huenda nimekosea."

Dada akasoma: UMEONDOKA SASA NAPUMUA.

"Basi sikukosea," mama akasema. "Na hii ndiyo niliyovaa kwenye msiba wa mke mwenzangu. Siku nzima. Nikajiuliza mbona ndugu zake wananipisha njia."

Kanga zilipokwisha zikafuata karatasi. Kwenye mlango wa zahanati waliona tangazo lililowaambia kwamba dawa ni bure, nalo lilikuwa pale tangu enzi za mganga wa kwanza. Kwenye vyeti vya ndoa wengine walikuta majina ya wake wenzao wasiowajua. Hawakupiga kelele. Walisoma, wakakunja, wakaendelea kupepeta mchele.

Kisha ikaja barua ya Bi Chausiku. Mume wake alikuwa mgodini mwaka wa kumi na mbili. Bi Chausiku alikaa kwenye benchi, na Bwana Mahimbo akailaza barua mezani kama kawaida yake. Macho ya Bi Chausiku yakaangukia juu ya karatasi, akaona herufi zimesimama wima kumtazama yeye. Kwa Bwana Mahimbo zilikuwa kichwa chini.

"Mumeo yu mzima," Bwana Mahimbo alisema, akitazama dari. "Anakusalimu sana. Anasema uvumilie."

Bi Chausiku akasoma mpaka mwisho. "Bwana Mahimbo," akasema taratibu, "huyu anayenisalimu amekufa tangu mwezi wa pili. Wanauliza sanduku lake walilete wapi."

Bwana Mahimbo alirudi kwenye dari, akaitazama kwa makini zaidi. "Ni kweli," akasema. "Lakini kabla hajafa alikusalimu."

Siku hiyo wanawake sitini walikwenda kusimama mbele ya kabati la ofisi. Hawakuligusa. Walilitazama tu mpaka jua likaenda, na ukimya ule ndio uliowatia wanaume hofu. Wiki iliyofuata ujumbe wa waume ukaenda wilayani. Msemaji wake alikuwa Baba mdogo Lusinde, ambaye ndiye mlezi wetu tangu baba alipofariki.

"Mheshimiwa," alimwambia mkuu wa wilaya, "sisi hatupingi mwanga. Lakini mke wangu anakaa na karatasi, mdomo umefungwa, macho yanakwenda huku na huku. Mara anatabasamu. Namuuliza, unacheka nini? Anasema, hakuna. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, Mheshimiwa, kuna mazungumzo ambayo mimi sikukaribishwa."

Serikali yetu ni sikivu. Mwezi haukuisha ikatoka Sheria ya Sauti. Ilisema kwamba mwanamke anaruhusiwa kusoma chochote, mradi asome kwa sauti, na mbele ya mwanamume aliyetimiza miaka kumi na minane. Ilisema pia, kwa kuondoa utata, kwamba alichokisoma mwanamke kwa sauti kitahesabiwa kuwa amekisema yeye. Wakaajiriwa Wakaguzi wa Midomo, waliovaa kofia za kijani na kutembea na daftari. Mwanamke aliyeonekana macho yanakwenda midomo imetulia aliandikwa kosa.

Sokoni pakawa na zogo la ajabu. Huwezi kupita nyuma ya mtu bila kuisoma kanga yake, na ukiisoma umesema wewe. Wanawake walitukanana siku nzima bila mtu kumkasirikia mwenzake. Bi Chausiku, ambaye alikuwa amesoma barua ya msiba wake kimya, aliandikwa kosa la kabla ya sheria. Na kwenye ofisi ya Bwana Mahimbo benchi likasogezwa nyuma hatua nne, mbali na meza, ili macho yasiwaponze akina mama.

Sasa Bwana Mahimbo alikuwa na taabu yake. Kwa kuwa wananchi wote walikuwa wanasoma, Wizara iliacha kutuma wajumbe, ikaanza kutuma waraka kila wiki, na kila waraka ulitaka majibu ya maandishi. Nyaraka hizo zilikuwa zimefika kumi. Wake zake wawili aliwakataza ghalani tangu mwanzo, kwa ajili ya heshima ya nyumba, kwa hiyo ndani mwake hakukuwa na mtu wa kumwambia karatasi zile zinataka nini. Akaanza kupita pita karibu na ghala la pamba. Akasikiliza sauti ya dada yangu. Jumatatu moja akaja nyumbani na wazee wawili, akaongea na Baba mdogo, na Baba mdogo akatuita.

"Nyamizi, mwanangu, umepata bahati," Baba mdogo alisema. "Msomaji wa Kata mwenyewe."

"Sitaki, Baba mdogo."

"Hujasikia hata nusu."

"Nimesikia nusu inayotosha. Yule hataki mke, anataka miwani yenye macho ndani."

Mama akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Baba mdogo hakukasirika. "Hakuna atakayekulazimisha," akasema. "Hizo zilikuwa zama za giza. Siku hizi kuna fomu."

Kwa hiyo siku ya Alhamisi tulikwenda wilayani: dada, mama, mimi, Baba mdogo, na Bwana Mahimbo aliyevaa koti. Afisa wa Ridhaa alitupokea kwa upole mkubwa. Mkaguzi wa Midomo alisimama ukutani na daftari lake, na karani alikaa pembeni tayari kuandika kila litakalosemwa.

"Shikamoo," dada alisema.

"Marahaba, bibie. Fomu namba nane hii hapa. Isome, tumalize."

Dada akaipokea. Macho yake yakashuka mpaka chini ya karatasi. "Nimeshaisoma," akasema. "Inasema mimi, Nyamizi, naridhia kuolewa. Siridhii."

Afisa alimtazama Mkaguzi, Mkaguzi akaandika. "Umeisoma kwa macho, bibie. Macho si ushahidi. Na hayo uliyotueleza ni muhtasari, hayajafuata mpangilio wa karatasi. Kosa hilo tutakusamehe. Soma kwa sauti."

"Nikiisoma kwa sauti nitakuwa nimesema naridhia."

Afisa akamgeukia Baba mdogo kwa furaha. "Unaona matunda ya elimu? Ameelewa kabla sijamwelekeza."

"Na nisiposoma?"

"Basi hujui kusoma, na asiyejua kusoma husemewa na mlezi wake. Bwana Lusinde yupo, na kalamu anayo."

Baba mdogo akaonyesha kalamu.

"Nataka fomu ya kukataa," dada akasema.

"Ipo. Nani alikudanganya kwamba haipo?" Afisa alivuta droo akaitoa. Ilikuwa karatasi nzito, yenye nembo ya rangi, nzuri kuliko fomu zote nilizowahi kuziona. "Fomu namba tisa. Nchi hii ni ya haki. Hupewa mwanamke yeyote aliyethibitishwa kujua kusoma."

"Mimi nimefundisha wanawake sitini na wawili."

"Cheti chako?"

"Vyeti vya wanawake hatujaletewa."

"Vinachapwa. Usijali, nitakuthibitisha hapa hapa. Unisomee tu kitu kwa sauti."

Dada alinyoosha mkono kuchukua kalenda iliyokuwa ukutani. Afisa akamzuia kwa upole. "Kitu kilichomo kwenye orodha ya matini zilizoidhinishwa."

"Orodha ina nini?"

"Kwa sasa ina fomu namba nane."

Mama akasogea mezani. "Mheshimiwa," akasema, "asome hata mstari mmoja tu wa juu."

"Mama yangu, mstari mmoja ni asilimia ngapi? Tutaaibika huko nje."

Nilimwona dada anafikiri. Nilijua anafikiri nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikizunguka mle mle na kurudi pale pale. Mwisho akaweka fomu mezani. "Basi sisomi. Andikeni sijui kusoma. Baba mdogo anisemee, lakini iandikwe kwamba kinywa changu hakikusema."

Afisa alihuzunika. Alivua kofia yake kabisa. "Hilo tunaweza," akasema. "Ila itabidi tuwafute wale sitini na wawili. Watu hawawezi kuwa wamefundishwa na asiyejua. Tutawarudisha kwenye ujinga wote, na ghala tutalifunga. Ni utaratibu tu, bibie, mimi binafsi sina ubaya nao."

Dada alimtazama mama. Mama ndiye aliyekuwa wa kumi na saba kwenye ile orodha ya sitini na wawili. Alijifunza akiwa na miaka hamsini na mitatu, na jina lake alikuwa ameliandika kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni. Mama alitikisa kichwa kumkataza. Lakini dada alikuwa ameshaichukua karatasi.

Aliisoma yote. Sauti ilikuwa ile ile ya ghalani, yenye kufika mtoni. Alisoma jina lake, jina la Bwana Mahimbo, neno la kuridhia, tarehe, mpaka jina la mpiga chapa. Kisha akaongeza, "Hayo ni maneno ya karatasi. Maneno yangu mimi ni kwamba sitaki."

"Andika," Afisa alimwambia karani. "Amesoma vizuri sana. Baadaye kukawa na kelele."

Akagonga mhuri, akamthibitisha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki akampa papo hapo fomu namba tisa. Dada akaisoma mstari wa kwanza kwa sauti, kama sheria inavyotaka: "Ijazwe na kurudishwa kabla ya fomu namba nane."

"Pole," Afisa akasema, na nadhani alimaanisha. "Ungewahi kidogo."

Sikukuu ikafika. Wageni wa ng'ambo walikuja kuona nchi iliyofuta ujinga kwa miezi minane, na Waziri akataka awaonyeshe mwanamke. Akachaguliwa dada yangu. Alipandishwa jukwaani na kupewa matini iliyoidhinishwa, akaisoma mbele ya umati, kwa hiyo akaolewa mara ya pili. Wageni walilengwalengwa na machozi. Mmoja aliuliza anasoma nini, akajibiwa ni shairi la mapenzi. Waziri alisema kwamba mwanamke wa nchi hii sasa ana sauti, na asiyeamini amsikilize. Dada akazawadiwa kanga yenye picha ya Waziri. Ilikuwa na maneno pia, lakini alivishwa haraka, na mwenye kanga mgongoni hawezi kujisoma.

Ghala halikufungwa. Lilijazwa pamba tu.

Dada akahamia kwa Bwana Mahimbo, nyumba iliyo nyuma ya ofisi. Hatukumwona tena. Tuliambiwa mke wa Msomaji ni siri ya ofisi, hatoki wala hatembelewi, lakini anaruhusiwa kuandika barua. Mwezi wa nne tangu ahamie, niliitwa kupokea ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa chumba cha nyuma, ikapelekwa wilayani kugongwa mhuri, ikarudi baada ya wiki tano, ikafika mezani, hatua kumi na moja kutoka ilipotoka.

Nje kulikuwa na wanawake wengi wakingoja zamu, na Mama Siwema alikuwa ananifuata. Niliingia nikakaa kwenye benchi, hatua nne kutoka mezani. Mkaguzi wa Midomo alisimama akinitazama usoni. Bwana Mahimbo alichana bahasha, akailaza barua.

Kwa umbali ule, barua ya makarani huonekana kama mistari ya siafu tu. Lakini hii haikuandikwa na karani. Herufi zake zilikuwa kubwa kama mabakuli, nyeusi, kama zile za kwenye magunia, na kwangu zilikuwa wima.

YEYE HASOMI. NASOMA MIMI HUKU NYUMA, BARUA ZA WATU WOTE, HALAFU ANAKUJA HAPO KUSEMA LILE LILE. MUME WA MAMA SIWEMA ANAUMWA, ANAMWITA, MARA YA TATU HII. JINA LAKO LIMO KWENYE WARAKA. WASOMAJI WA KATA NYINGINE WANATAFUTIWA WAKE. NIMEGEUZA KILA UPANDE, NJIA SIIONI. USITIKISE MIDOMO.

Mkaguzi naye aliitupia barua jicho, lakini cheti chake alikipata kwa amri namba nne. Bwana Mahimbo akaweka mkono kifuani, akatazama dari.

"Dada yako yu mzima," akasema. "Anakusalimu sana. Anasema uvumilie. Umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

Akagonga mhuri, akaifungia barua kabatini. Nilitoka. Mama Siwema alikuwa ameshainuka, amejifunga kanga vizuri kwa ajili ya kuingia, na Mkaguzi alikuwa amenifuata mpaka mlangoni na daftari lake wazi.

"Anasemaje dada yako?" Mama Siwema akaniuliza.

Nilimtazama. Nilikuwa nayo yote kichwani, na jina la mumewe lilikuwa limekaa kwenye ulimi. Mkaguzi alilowesha ncha ya penseli.

"Yu mzima," nikasema. "Anasema tuvumilie."

"Na yeye pia?" akasema Mama Siwema. Alinitazama usoni kidogo, akatengeneza upindo wa kanga yake, kisha akaingia ndani, maana zamu ilikuwa yake.